Mtu wa Kipimo

Jumatatu, 3 Machi

Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimeamka vimekufa tena. Nimevisugua kwenye ukingo wa kitanda mpaka vikarudi – nusu. Nimefunga bandeji, nikashusha mkono wa shati. Hakuna aliyeona.

Kazi ni ile ile, kufua na kukunja taulo za mahoteli. Wengi wetu pale ni watu wenye ulemavu, kituo kilifunguliwa kwa ajili yao. Sisi wazima ni wachache. Mimi meza moja na Shangazi. Si shangazi yangu, ni wa kila mtu. Mkono wake wa kushoto ulikauka tangu utotoni. Anabana taulo kwa kidevu, anapiga kiwiko – tayari! Leo kasema hayo ya kidole kimoja hakivunji chawa ni maneno ya wavivu, yeye amevunja wengi kwa kiwiko.

Mapatano yetu hayajabadilika. Mimi nambebea magunia yake ya nguo mbichi, yeye ananikunjia. Anasukuma taulo upande wangu bila hata kugeuka. Rundo langu linapanda tu.

Jumanne, 4 Machi

Msimamizi kaniita ofisini. Nikajua mkono umeonekana, nikauficha mfukoni. Kumbe! Mama yule anatabasamu. Rundo langu ndilo refu kuliko yote, kwa hiyo mwaka huu mtu wa kipimo ni mimi.

Kanieleza utaratibu. Mzima mmoja anawekwa mezani, anashikiwa saa. Atakachokunja ndicho kipimo. Kisha wenye ulemavu nao wanapimwa. Ukifikia nusu ya yule mzima, unalipwa nusu, mpaka kipimo kingine. Yaani mimi nikienda mbio, wao wanashuka. Hilo la mwisho hakulisema. Nimelikokotoa njiani.

Nikifanya vizuri napata ajira ya kudumu, na chumba cha familia nyuma ya ghala.

Chumba cha familia! Nimempigia mama watoto. Kacheka mpaka kapaliwa. Kauliza dirisha linatazama wapi. Sijui, nikasema. Mwanamume gani anapewa chumba asiulize dirisha! Kisha akampa simu mtoto wetu, akawa ananihemea tu sikioni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia Shangazi. Nilidhani atawaka. Kaendelea kukunja, kasukuma taulo upande wangu kama kawaida.

Hapo ndipo nikashtuka. Rundo lililomfurahisha msimamizi – sehemu yake kubwa ni kazi ya huyu mama! Amenipandisha mimi, na sasa kwa rundo hilo hilo atashushwa yeye.

Nikazirudisha taulo. Kazisukuma tena. Nikarudisha. Kasuku, yule kiziwi wa meza ya jirani (jina alijipa mwenyewe), akacheka mpaka akaangusha kikapu. Akatuonyesha kwa mikono: watoto mnagombania mpira.

“We mwanangu,” kasema Shangazi, “una mke, una mtoto. Chukua chumba.”

“Na wewe?”

Kasema yeye kazoea. Halafu baadaye, kama anayezungumza na taulo, akasema hajaona bado duka linalomuuzia unga nusu bei kwa sababu ya mkono.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechoka. Magunia mazito kama yamebeba watu. Siandiki.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kupumzika na bado nafua! Safari hii zangu. Nimekaa uani juu ya ndoo, nangoja zikauke, nawaza.

Tangu vidole viharibike, Shangazi ananipita. Naliona kwa macho yangu. Lakini mshahara wangu mzima. Hakuna aliyenishikia saa. Kwa nini? Kwa sababu nikiingia mlangoni naonekana mzima, basi. Yeye akiingia, mkono umeshamtangulia.

Na hiyo saa yenyewe. Nitapimwa asubuhi, nimelala, nimekula, kwa muda mfupi. Hata punda mzee hukimbia akiliona zizi! Jioni, mgongo ukishapinda, nani anapima? Shangazi akichambua zenye madoa, akimfundisha mgeni kukunja, saa hiyo inahesabika wapi? Taulo ikishakunjwa haisemi imekunjwa na nani. Hoteli inalipa bei moja.

Niliishia darasa la sita. Labda kuna hesabu ya wasomi nisiyoijua. Lakini nimeligeuza jambo hili kila upande, na kila upande linanuka.

Je, nikisema ukweli wa mkono? Wananifukuza. Au wananiandika upande wa pili, nipimwe kwa mzima mwingine. Upande wa pili – neno hilo nimeliogopa. Kisha nikaona haya. Kwani Shangazi anaishi wapi siku zote?

Mama watoto kapiga. Ameshaanza kugawa masufuria kwa majirani. Nikamwambia asigawe. Kwa nini? Nikasema simu inakatika. Niliikata mimi.

Jumatatu, 10 Machi, mchana

Naandika stoo, juu ya magunia. Mwandiko wa kuku, samahani. Namwomba nani samahani?

Wamenipima. Meza peke yangu, katikati ya ukumbi, msimamizi na saa yake. Anza! Haki ya Mungu nilijitahidi. Kwa ajili ya chumba. Kwa ajili ya lile dirisha. Nimeyasema, na yabaki humu humu. Taulo za mwanzo zikaenda. Kisha vidole vikafa. Nikawa nashika hewa. Taulo ikaanguka, nikaiokota, ikaanguka. Kasuku aliacha kukunja. Shangazi akainamisha uso.

Msimamizi kazima saa, kanivuta pembeni. Unafanya makusudi, kasema, unawaonea huruma wenzako, na hatukukuajiri kwa kazi ya huruma. Tutarudia baada ya chakula. Nikileta tena mchezo, chumba anapewa dereva wa gari la taulo, na dereva ndiye atakayekuwa kipimo.

Dereva! Ana mikono kama koleo.

Shangazi kanifuata huku na chai. Kafungua bandeji bila kuomba ruhusa. Akabana mkono wangu kwapani kama anavyobana taulo, akavikanda vidole kimoja kimoja.

“Kunja upesi kidogo tu,” kasema. “Wakuamini. Sisi hatufi leo.”

Nikamwambia nitasema. Mkono, na rundo, vyote.

“Mjinga wewe! Wataniuliza kwa nini nilikuwa nakupa kazi yangu. Nitajibu nini?”

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikaona haya. Yeye akaendelea kukanda, akaendelea. Halafu mkono wake ukasimama.

“Lakini,” kasema polepole, “watajua miezi hii yote nimekunja za watu wawili.”

Tukatazamana. Sijawahi kumwona na uso ule. Kama mtu aliyekuta fedha katika nguo yake mwenyewe ya zamani.

Ameifunga bandeji upya, kwa meno na ule mkono mmoja. Nikakunja mkono wa shati mpaka kiwikoni. Akaushusha. Nikaukunja tena. Akaushusha tena, ananiambia chumba, mtoto, fikiri. Nikaukunja mara ya tatu.

Safari hii hajaushusha. Amekaa juu ya gunia la pili, anapuliza chai yangu. Nimesema ngoja niandike kwanza, vidole vikiwa bado hai.

Msimamizi anaita. Jina langu tu. Shangazi ndiye aliyesimama kwanza, anajifuta mkono kwenye aproni, ananiambia funga daftari, twende, na usitangulie kusema, maana rundo ni –