Kiroba Chenye Uzito Wangu

Alhamisi, 7 Machi

Leo nusura tulambe vumbi. Nimetoka kumwogesha dada – tangu kiharusi kimpige hawezi kushika hata sabuni, wala hataki mkono mwingine ila wangu – mwanangu akanifuata na pikipiki yake kama kila Alhamisi. Njia nzima shwari. Tulipokaribia kona akaachia mafuta apunguze mwendo – usukani huo! Unacheza kama kichwa cha mlevi. Nikamkumbatia kiunoni, nikasoma kila dua niijuayo. Kufika nyumbani ananiambia eti ni barabara. Barabara gani? Lami ile hata yai lingebingirika lisipasuke.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi kaja. Kabonyeza tairi, kasema upepo upo. Kisha akanitazama mimi. Juu hadi chini, halafu upande kwa upande! Akauliza nani hukaa nyuma. Mwanangu akaninyooshea kidevu. Basi ikawa hivyo – mzigo ukizidi nyuma, mbele panakuwa pepesi, ukipunguza mwendo usukani unawayawaya. Mkwe wangu kacheka hadi kashika ukuta. Nikamwambia cheka tu mama, na makalio yako nayaona yanakuja.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepimwa. Kwenye mizani ya muuza nafaka, mbele ya wateja! Fundi alitaka kiroba cha mchanga chenye uzito wangu, akifunge nyuma ajaribu bila kumhatarisha mtu. Muuza nafaka ananiuliza, Bibi, nikukoboe au nikusage kabisa? Nikamjibu anisage, unga wangu utamkaba koo. Watu wakacheka, nikacheka nao. Mwanangu peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Fundi akaenda na kiroba, akarudi nacho – pikipiki inawayawaya. Haya! Mchanga umetoa ushahidi.

Jumanne, 12 Machi

Mwanangu kaniambia kwa sauti ndogo nisipande kwanza. Na dada je? Jirani zake watamsaidia, anasema. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mkate nala kipande kimoja tu. Mjukuu wangu, huyu aliyenifundisha herufi hizi, kaniuliza kama naumwa. Nimemwambia najipunguza kwa ajili ya usukani.

Alhamisi, 14 Machi

Siku ya dada. Sijaenda. Mikono ilikosa kazi, nikafua mapazia yaliyokuwa safi.

Jioni nikasimama langoni mwanangu akirudi kazini. Yuko peke yake, kiti cha nyuma kitupu – akaachia mafuta – ukacheza! Kidogo, lakini ukacheza. Mimi niko langoni, sasa nani kapanda? Kivuli changu?

Nimemfuata fundi kwa miguu.

Ijumaa, 15 Machi

Fundi kaona haya, na haya hiyo inampendeza. Kaliinua gurudumu la mbele, akashika ile miguu miwili inayolibeba, akavuta, akasukuma. Ko! Shingo ya usukani imelegea. Kafungua – beringi, zile gololi zinazozungusha shingo, zimeliwa upande mmoja tu. Akakwangua rangi chini ya tangi. Chuma kimechomelewa! Hii ilianguka vibaya, akasema, shingo imepinda, hata ukitia beringi mpya zitaliwa tena.

Nikamgeukia mwanangu. Ule mguu aliokuwa akichechemea, akasema kaumia mpirani – kumbe pikipiki ilimtupa mtaroni! Mkewe alikuwa kamkataza kuiendesha mbio, akaogopa kusema. Kwa hiyo alijua. Nilipokuwa juu ya mizani, alijua. Nimzae mimi, kisha aniache nikobolewe mbele za watu!

Sikumpiga. Nilimpakulia chakula, nikamwekea kipande kikubwa. Nikamwambia kula, kusema uongo kunachosha.

Jumapili, 17 Machi

Anaiuza. Beringi mpya, rangi mpya, inang'aa kama sahani ya wageni. Nikamwambia la kuvunda halina ubani. Anasema itatulia wiki kadhaa, na akiiuza ndipo atapata nyingine nzima ya kunipeleka kwa dada. Mama, fanya kama hukuona. Jana dada kashikiwa simu sikioni. Kasema neno moja tu, kwa shida: Lini?

Mnunuzi yuko uani sasa hivi. Kijana mpole, kaja na mkewe mjamzito. Kaizunguka, kapiga tairi teke, kasifu rangi. Kisha kanigeukia mimi – eti Bibi, nasikia wewe ndiye ulikuwa unapanda nyuma, ilikuwaje?

Mwanangu akaanza kukohoa.

Nikasema ngojeni nichukue miwani. Nimeingia, nimefunga mlango, ninaandika – na miwani ninayo usoni. Dirishani naona yule mke keshapanda kiti changu. Analiweka tumbo vizuri. Mwanangu anamwonyesha pa kukanyagia, kwa adabu zote nilizomfundisha. Huku dirishani hatazami.

Wananiita.

Dada yangu. Nani atamsugua mgongo?

Wananiita tena. Nimepaza sauti nikiwa humu humu ndani: huyo mama ashuke kwanza. Ashuke, ndipo nije niseme.