Pombe Iliyolala

Mutua mjukuu wangu,

Huku Kajiado tuko salama, na ng'ombe wa mjomba wako amezaa. Unauliza kama utie pombe yako kwenye chupa, kwa sababu imeacha kutoa mapovu ingawa kipimo bado kinaonyesha sukari. Usitie, chupa zitapasuka. Peleka ndoo penye joto, kisha upime tena.

Babu yako alileta pombe ya asali kwa mahari yangu wakati wa baridi. Baba yangu akaonja, akaikataa, akasema, "Bado ni tamu. Imelala tu." Wazee aliokuja nao wakaenda zao wamekasirika. Babu yako akabaki jikoni kwetu, akichunga kibuyu cha pombe kando ya moto, nami nikimletea kuni.

Utamu ulipoisha kwenye pombe, sikutaka tena arudi kwao.

Nyanya yako