Birika Chini ya Andakoti

Jumapili, 4 Mei
Sina shifti leo. Digbeth tena, mtaa wa michoro hapa Birmingham, kuangalia kuta. Wiki ya tatu sasa. Ghorofa nzima imechorwa kuku aliyevaa viatu. Nani alimshikia mchoraji ngazi? Nilisimama hadi shingo ikauma. Nakuru niliandika mabango ya bucha na saluni miaka kumi na miwili. Hapa nawaogesha wazee Edgbaston, lakini macho hayajastaafu.

Zile herufi za rangi ya kupuliza ndizo zinanishinda. Zimevimba, zimepandana, hazisomeki. Bango lisilosomeka ni la nini? Kwetu mteja angenifukuza na ndoo yangu.

Jumanne, 6 Mei
Jumba la sanaa, kuingia bure. Turubai jeusi tupu, kubwa kama mlango wa gereji. Nikaligusa. Mazoea tu, fundi lazima ajue kama rangi imekauka. Mlinzi akaja mbio: "Please don't touch, sir." Aibu. Lakini pembeni nilihesabu tabaka sita. Mbona sita, kwa kitu cheusi tupu? Nimewaza njia nzima.

Abdi, Msomali wa Garissa, amenunua duka Coventry Road mwezi uliopita. "Fundi, ukuta wa kando ni wako. Niandikie mchele, tende, everything." Kazi yangu ya kwanza ya brashi tangu nije Birmingham. Nimefurahi kama mjinga.

Jumamosi, 10 Mei
Ukuta wa Abdi ulikuwa na fujo ya kupuliza, zambarau na kijani. Mwishoni birika dogo la chai. Birika lilinichekesha. Kisha nikafanya nilivyofundishwa: ukuta kwanza unapigwa weupe, ndipo kazi inaanza. Andakoti, ile rangi ya chini, mara mbili. Saa sita mchana ulikuwa safi kama sahani. Nikajipiga picha nao.

Jumapili, 11 Mei
Nilirudi na kamba ya chaki kupiga mistari. Mama mmoja amesimama mbele ya ukuta, mifuko ya sokoni chini. Akaongea na Abdi Kisomali, kisha akanigeukia kwa Kiswahili cha Eastleigh ya Nairobi.

"Ni wewe umepaka hii? Hiyo ilikuwa jina ya Ifrah. Msichana wangu. Aliandika mwenyewe, before agonjeke."

Ifrah alifariki miaka miwili iliyopita. Mama yake hupita hapo kila asubuhi akienda kituo cha basi. Abdi ni mgeni mtaani, hakujua. Mimi je? Sikuuliza mtu yeyote.

"Hata kuuliza tu, fundi?"

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nikakunja kamba yangu. Najichukia.

Jumatano, 14 Mei
Nimejaribu kukwangua. Andakoti inatoka na kila kilicho chini yake. Nilipaka vizuri mno, pumbavu mimi.

Nilimwambia Mama Ifrah nitaliandika upya. "Utaandika aje, na hukuisoma?" Kweli. Picha hana. Nani hupiga picha kitu anachokiona kila siku? Ila aliniambia hili: binti alizunguka mji mzima na mikebe ya rangi, na kila mahali alichora birika, kwa sababu ya chai ya mamake. Kuta nyingine ziko wapi, mama hajui. Walikuwa wakigombana juu ya kuchora huko. Hakuwahi kwenda kuona hata moja.

Nitatafuta birika.

Jumamosi, 17 Mei
Digbeth, saa tatu nzima kwa miguu. Kijana mmoja niliyemkuta akipuliza rangi amenifundisha kusoma: tafuta kwanza uti wa mgongo wa kila herufi, mapambo baadaye. Kumbe! Kuta zimeanza kusema. Majina, majina matupu, kila kona. Nilikuwa nikipita katikati ya watu bila kuwasalimia.

Hakuna birika. Kijana anasema ukuta mmoja hupakwa hata mara tatu kwa mwezi. Nimeingiwa na hofu.

Jumatatu, 19 Mei
Mvua. Nechells, kisha Bordesley. Hakuna.

Alhamisi, 22 Mei
Birika!

Saltley, chini ya daraja la mfereji. Dakika kumi kutoka chumbani kwangu. Zambarau na kijani, I, F, R, A, H, jina linasomeka kabisa. Ile I imeiegemea F kama mtu aliyechoka kungoja basi. Tabaka moja tu, hakusita popote. Mkono mzuri kuliko wangu. Nimeona wivu, nasema ukweli.

Nikatandaza karatasi, nikachukua umbo lote kwa makaa. Sasa naweza kulihamishia kwa Abdi.

Jumapili, 25 Mei
Nilimpelekea Mama Ifrah karatasi. Aliitazama sana, akaikunja. "Asante. But hii ni mkono yako. Nipeleke penye yeye aliandika."

Tulitembea kando ya mfereji polepole, goti lake linamsumbua. Pale darajani hakulia. Aliweka kidole kwenye I, akafuata herufi moja moja hadi mdomo wa birika. Kisha akatazama kidole, kana kwamba rangi ingekuwa bado mbichi. Akaanza tena mwanzo. Mimi nilisimama kando na kofia mkononi.

"Na mimi nilikuwa namwambia anawaste time," alisema.



Jumatatu, 2 Juni
Kazi ya Abdi imekwisha. Mchele, tende, kadi za simu, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Chini, mahali pa Ifrah, nimeacha weupe. Abdi aliuliza nafasi hiyo ni ya nini. Nikamwambia ni ya Ifrah. 

Asubuhi nilipita njia ya mfereji kwenda kazini. Mama Ifrah alikuwa darajani na chupa ya chai, vikombe viwili. Akanimiminia kimoja. Iliki nyingi, sukari nyingi zaidi. Tulikunywa tukiangalia ukuta. Nilichelewa basi.