Shangazi Ananiomba Msamaha kwa Kosa Langu

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujanitukana, maana matusi nimeshajitukana mwenyewe ya kutosha. Mimi ni fundi wa kompyuta katika hospitali moja isiyo kubwa, fundi niko peke yangu, kompyuta ikigoma naitwa mimi na printa ikitafuna karatasi naitwa mimi, na nina mke mwenye mimba ya miezi saba, na kazi hii ndiyo inayotulisha.

Mwaka jana wale waliotengeneza mfumo wa zamani wa kompyuta zetu walitangaza kwamba hawautunzi tena, yaani tundu likionekana hawalizibi, tukahamisha kompyuta nyingi kwenye mfumo mpya lakini tatu zikashindikana, kwa sababu mashine zilizofungwa nazo, ya kupima damu maabara, ya eksirei na ya stoo ya dawa, hazielewani na mfumo mpya kabisa, kwa hiyo hospitali ikaomba masasisho ya ziada ya usalama, ambayo mtengenezaji huwapa kwa muda wale wasioweza kuhama, na ufunguo wake ukaja, herufi na tarakimu ishirini na tano kwenye karatasi, nikaisainia mimi, nikaitia kwenye droo.

Kuyaweka si kazi ngumu, unaanza na sasisho la kutangulia, unazima na kuwasha, unaingiza ufunguo, unazima na kuwasha tena, halafu unasubiri yashuke, kama saa tano hivi kwa kompyuta kongwe kama zile, lakini maabara foleni inaanzia mlangoni na mkuu wa maabara akaniambia, "Fundi, ukizima hii leo, wewe ndiye utakayewaeleza hawa watu," nikasema basi Jumamosi, na Jumamosi ikawa na mambo yake na iliyofuata pia, na muda wote huo ujumbe wa onyo ulikuwa unajitokeza katikati ya kioo kila baada ya dakika kumi na kuziba majina ya wagonjwa, mpaka mama anayeingiza majibu, ambaye hospitali nzima tunamwita Shangazi ingawa pale si ndugu wa mtu, akaniita akasema, "Mwanangu, hebu niondolee huyu nzi," na mimi, Mshauri, nikamwondoa huyo nzi, yaani nikauzima ule ujumbe usitokee tena, kazi ya dakika mbili, Shangazi akanishukuru na kunimiminia chai, nikaenda nikafanya hivyo hivyo eksirei na stoo ya dawa, kisha kwenye ripoti ya mwezi nikaandika kwamba mashine zote tatu zimewekewa masasisho.

Miezi mitano baadaye, Jumanne asubuhi, kompyuta ya maabara iliwaka ikiwa na kioo chekundu na maneno ya wezi wa kompyuta wanaodai pesa, majibu yote ya wiki tatu yamefungwa na hayafunguki mpaka leo, wagonjwa mia mbili na kitu wakapigiwa simu warudi kutolewa damu upya, wakarudi wakilalamika, ila mmoja, mama fundi cherehani, hakurudi, simu yake iliita siku tatu bila kupokelewa, na siku ya nne akapokea mumewe akasema tumeshamzika juzi. Daktari anasema huenda majibu yake yangewahi yangemwokoa, na huenda yasingemwokoa, hakuna anayejua, na hilo "hakuna anayejua" ndilo ninalokula nalo na kuamka nalo.

Sasa sikia jambo lenyewe. Kamati ilipokaa kutafuta chanzo, mtu akakumbuka kwamba Shangazi alikuwa na tabia ya kuchajia simu yake kwenye ile kompyuta, na kweli sote tulikuwa tunamwona, wakanigeukia wakaniuliza, "Fundi, simu inaweza kuingiza kirusi?" nikajibu, "Inaweza." Neno moja tu, Mshauri, na kwa kitabu si uongo, lakini mimi nilikuwa nimeshasoma kumbukumbu za ile mashine na nilijua wezi waliingia kwa njia ya mtandao, kupitia tundu ambalo masasisho ya ziada yalikuwa yameliziba miezi miwili kabla, kwa yeyote aliyeyaweka.

Shangazi amesimamishwa kazi, kikao cha kumfukuza ni Ijumaa ijayo, na amebakiza miezi minane astaafu. Lakini kinachoniua si hicho, kinachoniua ni kwamba yeye mwenyewe ameamini. Alikuja ofisini kwangu, amekonda, akaiweka ile simu mezani akasema, "Ichukue mwanangu, sitaki kuiona. Nisamehe, nimekuharibia kazi yako na nimeua mtoto wa watu." Nikaipokea. Nikasema, "Usijali, Shangazi."

Nilimweleza mke wangu yote, akasema, "Funika kombe mwanaharamu apite. Huyu mtoto atakula ukweli?" Nami nimefikiri labda nimwambie Shangazi peke yake, kwa siri, ili moyo wake upoe, halafu kikao kiende kama kitakavyokwenda na mengine tumwachie Mungu. Je, nikifanya hivyo nitakuwa nimetenda haki? Naomba unijibu haraka.

Ni mimi,
Fundi Mnyamavu

MSHAURI ANAJIBU

Fundi,

Umefanya vizuri kuandika, na mazuri yako yanaishia hapo.

Barua imenifikia Jumatatu, gazeti linatoka Jumatano, kikao chenu ni Ijumaa. Nimeirusha juu ya barua arobaini za watu waliotangulia, wengine wameachwa, wengine wamepigwa, na hawatanikasirikia wakijua kwa nini. Hukuweka namba ya simu wala jina la hospitali, basi itabidi tusemezane mbele ya watu.

Kwanza niseme ninachokuonea huruma, maana kipo. Fundi mmoja, mashine tatu kongwe, na wakubwa wasiotaka kitu kizimwe hata saa moja. Mkuu wako wa maabara naye ana la kujibu. Hayo yote yaseme kwenye kikao, yana uzito. Lakini yaseme baada ya kutaja jina lako, usiyatumie kulifunika.

Huruma imekwisha, sasa nikuulize. Unataka kumwambia Shangazi kwa siri, afukuzwe akijua? Mama wa watu amebeba kifo kisicho chake, nawe unataka kumwongezea na siri yako aibebe humo humo, akae mbele ya kamati akunyamazie kwa sababu mke wako ana mimba. Na angekunyamazia, wewe unajua. Ndiyo maana umemchagua yeye wa kumwambia.

Na usijifariji kwamba ni yeye aliyekuomba umwondoe nzi. Yeye si fundi. Aliomba kioo chake kisafishwe apate kusoma majina ya wagonjwa. Aliyejua ule ujumbe unasema nini ni wewe.

Mkeo amekupa methali, mpelekee na yangu: mficha maradhi kifo humuumbua. Na umwambie kwa upole, maana ana hofu na hofu yake ni ya haki, kwamba mtoto huyo atahitaji baba anayeweza kuulizwa swali akajibu.

Sasa nakuja kwenye jambo lililoninyanyua kitini. Umeandika mashine tatu. Umenisimulia habari za moja. Nimeirudia barua yako mara nne nikitafuta mahali unaposema kwamba ya eksirei na ya stoo ya dawa umekwenda kuziwekea yale masasisho, sijapaona. Nimemuuliza fundi wetu hapa gazetini, akaniuliza, "Ina maana hizo mbili zinafanya kazi hivi sasa?" Nikamwambia naona hivyo. Akashika kichwa. Fundi, umemlilia marehemu kurasa mbili, na huku milango miwili umeiacha wazi vile vile, na watu wamepanga foleni mbele yake leo asubuhi unaposoma hapa. Ungeiziba, mtu angeuliza kwa nini haikuzibwa zamani, ndiyo maana ukaiacha. Hilo ni baya kuliko lile la kwanza. La kwanza lilikuwa uvivu na woga wa foleni, na hili umelifanya ukiwa umeshajua mtu anaweza kuzikwa.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kusoma, nenda ukazichomoe zile mbili kwenye mtandao. Usiombe ruhusa, usingoje Jumamosi. Foleni ikipiga kelele, wewe ndiye utakayewaeleza, kama ulivyoambiwa. Toa ile karatasi drooni, shusha masasisho kwa kompyuta iliyo salama uyabebe, uweke la kutangulia, ufunguo, na yote yanayofuata, ukae hapo mpaka yaishe. Kumbukumbu za mashine ya maabara zichapishe nakala mbili, moja umpelekee mganga mkuu pamoja na maelezo yako yenye sahihi, nyingine mpe mtu wa chama cha wafanyakazi, amtetee Shangazi nayo. Ripoti uliyoidanganya itaje wewe kabla hawajaitafuta. Kazi utaipoteza, nadhani. Huenda na zaidi ya kazi, kwa hiyo tafuta wakili, lakini usimtafute ili akufundishe kunyamaza.

Kama bado unajiuliza useme au usiseme, swali hilo limeshapita. Umeandika simu, maabara, fundi cherehani na kikao cha Ijumaa. Kabla ya chai ya saa nne kuna mtu wa hospitali yenu atakuwa ameusoma ukurasa huu na kuelewa. Ningeweza kuyabadilisha hayo nikufiche, nimeamua kutoyabadilisha. Nikasirikie ukitaka.

Kwa hiyo nenda kwa Shangazi leo, kabla mtu hajampelekea gazeti. Mrudishie simu yake. Mwambie, "Si wewe. Ni mimi," na umweleze yote umesimama, usikae hata akikukaribisha kiti.

Na msamaha usimwombe siku hiyo. Ukimwomba atakupa papo hapo, huyo ni mtu wa kutoa, na utatoka mlangoni umepona wewe peke yako. Amekaa siku zote hizi akijichukia kwa ajili yako. Mwache kwanza akuchukie.