Maharagwe ya Manjano

Waithaka, mwanzo wa mvua, 2006

Mama yangu,

Mvua imeanza huku kwetu, na majirani wamemaliza kupanda. Shamba lako nyuma ya nyumba nimelilima, nikaliacha hivyo. Asubuhi kabla ya kwenda kazini nalitazama dirishani, kisha nafunga pazia.

Unakumbuka siku za kuanika? Ulitandaza maharagwe juani juu ya gunia, halafu ukaniita niume moja. Likinata kwenye jino, yanarudi juani. Likipasuka, tunaanza kazi. Manjano ya unga hukununua hata siku moja. Ulileta mizizi kutoka soko la mjini ulikokuwa ukiuza sukuma, kwa yule mama wa viungo aliyekufundisha. Tuliikata vipande, tukaianika juu ya mabati, tukaitwanga, kisha tukaichanganya na maharagwe kwenye karai kwa mikono mitupu mpaka kila punje ikashika rangi. Shuleni walinicheka kwa vidole vyangu, wakaniita Pilau. Nilikuja nyumbani nalia, nawe ukanionyesha vyako. "Na mimi ni nani? Biriani?" Tulicheka mpaka nikasahau.

Fukusi hawakuwahi kuingia mtungi wako. Wengine walitia ile dawa ya dukani, wewe ulikataa katakata. "Siwezi lisha watoto wangu sumu," ulisema, na maneno yakaishia hapo. Na kila msimu uliacha mbegu kidogo mtungini humo, za maharagwe yale yale aliyokupa nyanya ulipoolewa.

Sasa acha nikwambie yaliyotokea, maana sina mwingine wa kumwambia.

Wakati wa msiba wako, nilikuwa mjini kutafuta jeneza. Wanawake wa kanisa walikuja kupika, unawajua, na sufuria zao na nyimbo zao. Dada yako Wangare akawafungulia stoo. Wakafunua mtungi, wakakuta maharagwe ya rangi ile. Hakuna aliyejua ni manjano. Kazi hiyo ulinifundisha mimi peke yangu. Nilipoingia uani, Tata Wangare alinikimbilia ameshika kifua.

"Mungu ni mkubwa! Mama yako alikuwa ameweka dawa kwa beans. Tungeua watu hapa!"

"Tata, hiyo ni manjano. Si ile ya kupikia tu? Maharagwe yako wapi?"

"Nimemwaga kwa choo. Yote. Ningeachaje, na vile watoto wamejaa hapa?"

Kumkasirikia nilishindwa. Amefiwa na dada yake, na aliamini kabisa ameokoa watu. Nikamshika mkono, nikamshukuru. Kisha nikaingia stoo, nikaupindua mtungi, nikaupiga kwa kiganja, nikapiga magoti kupekua sakafu. Hata punje moja sikupata. Nililia kuliko nilivyolia hospitalini ulipotuacha.

Watu wanasema nitapoa. Sipoi. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba umekufa lakini kuna kitu cha mkono wako kitaota, nitakichuma, watoto wangu watakila. Nilishikilia hilo tu. Sasa naamka, naenda ofisini, narudi, na sioni cha kungoja.

Jumamosi nilijikaza, nikaenda duka la mbegu pale Dagoretti Corner. Nilifikiri labda nitapata yanayofanana. Muuzaji alikuwa mwanamke mpole wa rika lako.

"Unataka gani, mami? Ziko aina mingi."

Akaanza kunitajia majina, moja baada ya jingine, akinitazama kama kuna ninalolitambua. Nikafungua mdomo nimwambie jina la yale yetu, nikakuta silijui. Nyanya hakuyapa jina. Wewe pia hukuyapa. Miaka yote tuliita tu maharagwe yetu.

"Yetu," nilimwambia.

Akangoja nimalizie.

Pumzika, Mama. Mimi bado sijaweza.

Kitindamimba wako