Nilitaka Kumwona Mjukuu, Nikawaanika Wateja Wangu

Mshauri, shikamoo. Nishike mkono, maana nimeyataka mwenyewe na sasa yamenifika shingoni.

Mimi ni fundi wa nguo za wanawake, mwaka jana niligombana na binti yangu kwa kumsema mumewe mbele ya watu, akanifungia kila mahali, simu na mitandao yote, sasa nasikia amejifungua na picha ya mjukuu wangu ameiweka kwenye akaunti yake lakini mimi naona kiduara cha kijivu tu, basi nikapata mtandaoni programu inayojidai kufungua picha zilizofichwa, ikataka namba yangu na neno langu la siri, nikaiingizia vyote, picha sikuiona na kesho yake akaunti yangu ikanikataa mimi mwenyewe. Humo ndimo wateja hunitumia picha wakijaribisha magauni, wengine mgongo wazi, nione pa kupunguza. Jana bibi harusi mmoja kanipigia analia, katumiwa picha yake pamoja na vitisho. Nikamwambia sijui imetokea wapi. Je, kuna programu nyingine, ya kuaminika, inirudishie akaunti kimya kimya?

Fundi Mwenye Aibu

Fundi, marahaba. Hamu ya mjukuu naijua, nami ni bibi. Lakini programu nyingine? Jamani! Ya kwanza imekuvua nguo, unatafuta ya pili ikuvue ngozi? Hao hawakuwa na picha ya kukuonyesha. Walitaka ufunguo wako, ukawapa kwa mkono wako.

Weka gazeti chini, mpigie bibi harusi. Mwambie, "Nilikudanganya, picha imetoka kwangu." Atakufokea, nyamaza umsikilize. Asiwajibu hao watu wala asifute ujumbe wao, mwende wote wawili polisi leo. Kisha fungua daftari lako la vipimo, uwapigie wateja wote mmoja mmoja, kabla hawajatumiwa zao. Wengine watakuhama, ndiyo, jikaze. Programu hiyo ifute, akaunti uidai kwa wenye mtandao wenyewe, na kama neno lilelile la siri unalitumia kwingine, libadilishe kote.

Na binti yako? Kaifunga ile picha makusudi, usiione wewe. Hukumwomba radhi, ukaenda kumchungulia! Ukishamaliza na wateja, nenda kwa mkweo. Ulimsema mbele ya watu, mwombe radhi mbele ya watu walewale. Siku hiyo mjukuu usimtaje kabisa.