Jumatatu, Kipindi cha Kwanza

Mwalimu,

Jiji lilimpoteza Afisa Elimu wake mwezi wa tatu, mvua zikiwa zinakatika. Ndivyo tangazo lilivyosema. Mimi nilimpoteza mtu pekee aliyekuwa akinikatalia waziwazi, na mpaka leo nina kinyongo. "Presha tu, Salumu," uliniambia, ukaniachia funguo za ofisi kana kwamba unakwenda Mvumi kuangalia shamba. Mvumi ulikwenda kweli. Tulikusindikiza sisi.

Shikamoo. Hasira imetangulia salamu, unisamehe.

Msibani walisoma vyeo vyako kimoja kimoja: mwalimu wa darasa la kwanza kijijini, mwalimu mkuu, afisa elimu kata mwenye pikipiki yake, kisha jiji zima. Walisoma kama watu wanaohesabu ngazi. Hakuna aliyesema kwamba ulipanda zote bila kuiachia ile ya chini. Hakuna aliyetaja Jumatatu.

Kila Jumatatu, kipindi cha kwanza, ulikuwa hupatikani. Simu umezima, uko kwenye ile shule ya pembezoni, chaki mkononi, ba be bi bo bu. Wakubwa wakakupachika jina: Mama Irabu. Ukaliitikia!

Mimi mtu wa takwimu, niliyejisomesha kwa kuuza maji stendi, nilikuletea wastani wa wanafunzi kwa chumba. Wastani wenyewe ulipendeza. Ukautazama, ukasema, "Wastani hauna kamasi, Salumu. Njoo Jumatatu." Ukaniketisha nyuma kabisa. Safu zilikuwa kumi, madawati yaliishia ya saba, mimi nikawa chini na wenzangu wa safu ya kumi. Ubao sikuuona. Kuanzia siku ile nikawa nakupangia orodha ya shule kwa kuanza na yenye chumba kibaya kuliko vyote, nawe ukaingia nayo kwa wakubwa bila hata kukaa: "Mtoto wa mwisho haoni ubao. Nipeni vyumba." Vyumba vikajengwa, Mwalimu. Nimekwenda kuvihesabu tena wiki iliyopita, basi tu.

Na kukuomba ruhusa! Ukikataa, jengo zima linasikia. Ukikubali, unanyamaza, unaendelea na chai yako. Wageni walikuwa wakiganda mlangoni wakingoja jibu, mpaka Mama Neema wa masijala awanong'oneze, "Ameshakubali huyo, nenda."

Sasa nakaimu kiti chako, na Jumatatu zako nimezishika. Naingia na salamu yako ya Kigogo, "Mbukwenyi!" Wanaitikia wote, "Mbukwa!", wa hapa na wale waliohamia Dodoma na wizara za wazazi wao. Mimi Mrangi wa Kondoa ndiye ninayewaongoza, ungecheka. Juzi Rehema wa safu ya mwisho alisoma neno zima peke yake. "Kiti." Akanitazama kama vile kakichonga yeye.

Nilitaka kukupigia simu. Namba yako bado ninayo.

Ila mkurugenzi wetu mpya wa jiji amehamishia kikao cha menejimenti Jumatatu saa mbili. Saa ileile. Ameniita pembeni: "Kaimu asiyeonekana vikaoni hathibitishwi, Salumu. Darasa la kwanza si lina mwalimu wake?" Wewe ulikuwa na uzito wa kumjibu. Mimi sina, na hukunifundisha hilo kabla ya kuondoka. Hicho ndicho kinyongo changu. Nakitaka kile kiti, sikufichi, nimekitolea jasho. Lakini nikikosa Jumatatu moja, nitakosa zote. Hesabu hiyo naijua.

Lala salama, Mama Irabu. Nakuahidi safu ya mwisho itasoma.

Ila hili nataka unijibu wewe, ndiyo au hapana: niache kikao, niingie darasani? Kengele inalia Jumatatu hii saa mbili kamili. Kama unakataa, kataa kabla haijalia, kwa sauti yako ileile. Nitakuwa nimesimama mlangoni, chaki mkononi, nasikiliza.

Salumu